Gundi kwenye Picha ya Baba

Juzi, sokoni Kasongo, fundi wa simu alikuwa akisugua plastiki kwa kitambaa chenye esansi, yale mafuta ya pikipiki, na ile harufu ikanikumbusha baba mdogo, mtu aliyejua kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Nilipokuwa mtoto, alikuja kwetu Wamaza kwa pikipiki, akakuta picha pekee ya marehemu baba imewekwa kati ya vibao viwili vya plastiki angavu kama kioo. Vyote viwili vilikuwa bado na gundi ya karatasi za bei za dukani. Akatoa esansi kwenye pikipiki yake.

"Shemeji, tupake mafuta ya mawese, tungoje kidogo," mama alisema.

"Mafuta iko ya kupika sombe! Mwanamuke anajua nini mambo ya plastiki?"

Akasugua kwa nguvu. Kibao cha mbele kikafanya ukungu mweupe, nami nikafurahi, nikidhani baba anapumua kule ndani. Leo najua kwamba esansi inakula plastiki, na ukungu ule hautoki.

"Waliwauzia takataka," alisema, akaenda kunawa.

Mama alikitoa kibao cha nyuma, akakipaka mafuta mpaka gundi ikalainika, akaiondoa kwa kidole, kisha akakiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Akakiweka mbele. Baba akaonekana mpaka kovu la kidevuni.

Jioni wageni waliisifu ile picha. Baba mdogo akajinyoosha kitini, akasema, "Ni mie nilisafisha."

Mama akamwongezea ugali, jinsi mtu anavyowamwagia kuku mahindi.