Tuliokwenda Mikumi Bila Mwenyeji

Swali lililotuchosha kuliko jua lenyewe lilikuwa hili: "Mnakwenda kwa nani?" Ukionekana na begi Kilosa miaka ile, watu walijua una msiba, una mgonjwa, au umehamishwa kikazi. Sisi hatukuwa na hata kimoja. Tulikuwa maharusi, walimu wa shule moja, na tulikuwa tunakwenda Mikumi kuwaangalia tembo. "Tembo wa nani?" jirani yetu aliuliza, na wala hakuwa anatania.

Wazo lilikuwa la mume wangu. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yalianza kuwa na vitu, mitumba ikamwagwa chini kila siku ya gulio, na vijana wa Kizungu wakaanza kushuka stesheni na mabegi marefu kuliko vichwa vyao. Walitembea kwa miguu kwa hiari yao, pua zimebabuka, wanacheka. Mume wangu aliwatazama kwa wivu wa waziwazi. Siku moja akarudi na begi kama lao, la mtumba, lenye vyuma mgongoni na bendera ya nchi ambayo mpaka leo hatuijui. "Wenzetu wanaiona dunia kwa mkate na maji," alisema. Nikamwambia wenzetu wana tiketi ya ndege ya kuwarudisha kwao. Lakini mshahara ulikuwa umechelewa, fungate ya hotelini hatukuiweza, na mimi nilikuwa bado bibi harusi. Nikakubali.

Mume wangu ni Mnyamwezi wa Tabora. Akibeba kitu chochote, hata ndoo ya maji ya kuogea, lazima akukumbushe kwamba babu wa babu yake alibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo kwa njia hizihizi za Kilosa. Mimi ni wa Bukoba, nimekulia migombani, mahali ambapo mvua haisubiri msimu. Oktoba ya Kilosa ilikuwa imenishinda hata nikiwa nimekaa kivulini na miguu kwenye beseni.

Tuliondoka asubuhi juu ya lori la mahindi. Tulipita kijiji cha Ulaya, mume wangu akanipongeza kwa kufika Ulaya bila pasipoti, kichekesho ambacho nadhani kila mgeni wa barabara ile hukitoa. Mbele kidogo rejeta ikachemka. Dereva hakushangaa. Alijilaza uvunguni mwa lori, akafunika uso kwa kofia, akasema tusubiri jua lipungue.

"Tutembee," mume wangu akasema.

Tuligombana palepale barabarani, dereva akitusikiliza kutoka uvunguni. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile zilikuja zote. Nilimwambia hata mbuzi saa hizi wametafuta kivuli. Yeye akavaa begi, akakaza mikanda kifuani, akaanza kwenda. Nikamfuata, maana ndiye aliyekuwa na maji, na ndiye niliyeolewa naye.

Majani ya pande zote yalikuwa yamechomwa moto. Ardhi ilikuwa nyeusi, na joto lilipanda kupitia soli za kandambili. Upepo ulipokuja ulikuwa kama wa mtu aliyefunua tanuri la mikate usoni pako. Maji yaliisha mapema kuliko tulivyodhani. Mwanzoni mume wangu aliimba. Kisha akanieleza habari za wapagazi. Kisha akanyamaza, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu mume wangu huongea hata akipiga mswaki.

Nikamuuliza kama anaumwa. Akanijibu kuhusu ng'ombe wa mjomba wake. Nikamshika shingo. Shati lake, ambalo asubuhi lilikuwa limelowa jasho, lilikuwa kavu, na ngozi ilikuwa kavu na ya moto. Alipiga magoti taratibu, begi likiwa bado mgongoni, akalala ubavu katikati ya barabara. Nikapiga kelele, wala hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Nilimvua begi, nikasimama nikimkinga jua kwa kanga yangu. Sijui muda gani ulipita kabla ya mzee mmoja kutokea na baiskeli yenye magunia ya mkaa. Hakuuliza tunakwenda kwa nani. Alishusha magunia akayaacha kando ya njia, tukamkalisha mume wangu kwenye keria, mzee akisukuma, mimi nikiwa na begi mgongoni na kumshikilia kiuno asidondoke.

"Bwana huyu mtu wa wapi?" mzee aliuliza njiani.

"Tabora. Mnyamwezi."

"Lo! Basi ana bahati mbaya, maana nampeleka kwa mke wangu," akasema, na nikaona anatabasamu. Sikuwa na nguvu za kumuuliza kinachomfurahisha.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya kichaka, ya udongo, yenye baraza pana. Mama mmoja wa makamo alikuwa anapeta mpunga. Mumewe akamwambia kwa mbali, "Nimekuletea Mnyamwezi!" Hata katika hali ile adabu za nyumbani hazikuniacha. Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mjane," akajibu.

Yule mama hakuishia hapo. "Mpagazi gani huyu anauawa na begi la nguo? Babu zake walipita hapa na pembe za ndovu, wakala viazi vyetu, wakaenda zao salama. Huyu amekuja kututafutia kazi ya kuchimba kaburi, na udongo wenyewe wa Oktoba mgumu kama jiwe!"

Baadaye nilielewa kwamba wakati wote huo mikono yake ilikuwa kazini. Alikuwa ameshamvua mume wangu shati na kumlegeza mkanda, ameshachovya kanga kwenye maji ya mtungi na kumfunika kifua, na sasa anampepea kwa ungo. Mimi nilisikia mdomo tu. Utani wa makabila nilikuwa naujua, ule wa chumba cha walimu. Nilijua pia kwamba watani huchekesha msibani, hata hulala kaburini wakakataa kutoka mpaka wapewe kitu. Kwa hiyo nilipomsikia anataja kaburi, nikaamini wameshamhesabu mume wangu kuwa maiti. Nilimpokonya ungo nikautupa uani. Nikamwambia maneno ambayo mwalimu hatakiwi hata kuyajua.

Yule mama akanitazama bila hasira, akachukua mfuniko wa sufuria, akaendelea kupepea na kutukana. Mzee ndiye aliyeuokota ungo. Akanipa mimi.

"Binti, muache," akasema kwa sauti ya chini. "Anamwita. Mnyamwezi hawezi kusikia mtani wake Msagara anamtukana akanyamaza. Wewe pepea."

Nikapepea. Mama akamwaga maji zaidi kichwani na kwapani, akazitukana nywele zake, akaitukana Tabora na asali yake, akaapa kwamba mimi ataniozesha kwa mdogo wake mwenye kitambi. Kila tusi likiisha alinyamaza kidogo, akiinamisha sikio. Kimya. Anaanza lingine. Kope zilipoanza kucheza na koo likameza mate, alimwinua kichwa, akampa maji ya chumvi na sukari, kijiko kimoja kimoja, kama akina mama walivyofundishwa kliniki. Niliwahi kumwomba Mungu vitu vingi maishani, lakini siku ile nilimwomba mume wangu atukane. Hata neno moja, hata la aibu.

"Wanyamwezi siku hizi hamna hata ulimi," mama akasema. "Umebaki wa kulambia kijiko."

Midomo ya mume wangu ikafunguka. Sauti ilitoka kama ya mlango mkavu.

"Wasagara... hata maji hamjui kupika," akasema. "Mmezidisha chumvi."

Mama yule alipiga kigelegele kilichowatimua kuku uani. Mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Mimi nilikaa chini, kwenye mpunga wa watu, nikalia na kucheka, nikamshukuru Mungu kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Furaha nyingine za ndoa yetu nazikumbuka kwa shida, lakini ile ya kusikia chumvi imezidi bado naipata mwilini.

Tulikaa pale mpaka alipoweza kutembea bila kushika ukuta. Siku ya kuondoka mama alichukua lile begi kwa haki ya utani, na hakuna aliyethubutu kubisha. Nguo zetu alitufungia kwenye kanga yake. Tukiwa tunasubiri lori, mume wangu amekaa kando na mzee, nilimwomba mama msamaha wa ule ungo, nikamuuliza kwa utani nani alimfundisha kutibu wagonjwa kwa matusi.

Hakucheka. Alitazama barabara.

"Mwaka juzi waliniletea mwingine, Msukuma, mtani wangu vilevile," akasema. "Jua hilihili. Nilimtukana mpaka likazama." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Hakunijibu, mwanangu."

Nilimshika mkono, tukasimama hivyo mpaka lori lilipofika.

Mikumi tulilala usiku mmoja katika gesti ya madereva. Tembo tuliwaona siku iliyofuata bila kulipa kiingilio, tukiwa ndani ya basi la Morogoro, maana barabara kuu inakatiza mbugani. Abiria walisimama kuchungulia. Mume wangu aliwasifia, akawakosoa, akabishana na mtu wa kiti cha mbele kama tembo hulala akiwa amesimama, akaongea hata baada ya tembo kuachwa nyuma kabisa, mpaka konda akageuka kumwambia apumzishe watu masikio.

Nikamwambia konda amwache aseme.