Vifaranga Walionukia Udi

Mavyaa wangu, yaani mama mzaa mume wangu, hakuwahi kuniamini na kitu chenye roho. Miaka sita nimekaa na mwanawe, wala hajaniachia hata mche wa mchicha niumwagilie maji. Kwake yeye mimi ni mtoto wa mjini, mtu wa Malindi, kazi yangu kupiga deki na kujipaka uturi. Kwa hivyo siku aliposimama mlangoni na kitita chake, anakwenda kwao Jilore kupanda mahindi, akaniambia, "Vifaranga wangu hao, watizame mpaka nirudi," nilitaka kupiga vigelegele.

Walikuwa kumi na mmoja, wa wiki mbili tu. Mama yao aligongwa na pikipiki, na mavyaa akawalea mwenyewe kwa mkono katika banda la mbao nyuma ya nyumba yetu, huku upande wa Kisumu Ndogo. Nikajiapiza: akirudi atawakuta kumi na mmoja, wanene, na banda linameta. Safari hii nitamfunga mdomo.

Basi nikaosha. Kwa usafi mimi sijambo, hata majirani wanajua. Kila asubuhi nikiwatoa, nikisugua sakafu ya banda kwa sabuni na ndoo mbili za maji, kisha nikiwarudisha papo hapo, sakafu bado yatota. Siku ya nne nikawakuta wamejikunyata pembeni, mabawa yamelegea, chakula hawataki, na kinyesi kina damu. Mmoja alikuwa ameshakufa.

Nikamtia mmoja kikapuni, aliyekuwa hoi zaidi, nikaenda naye mbio kwa muuza dawa za mifugo. Ni mtu wa bara, mpole, Kiswahili chake cha kitabuni. Akamgeuza kifaranga, akamtizama chini ya mkia, akaniuliza wanalala mahali gani. Nikamweleza deki yangu kwa fahari.

"Mama," akasema, "kwani hawa ni samaki?"

Nilitaka kumjibu jibu la kumtoa ushamba, lakini kifaranga alikuwa mkononi mwake. Akanifahamisha kwamba ni maradhi ya kuhara damu, na hakuna yanachokipenda kama majimaji. Akanipa dawa ya unga ya kutia katika maji ya kunywa kwa siku tano. Niwatenge walio hoi, niwape joto. "Na banda," akasema, "osha mara moja tu, anika juani likauke kabisa, fukiza, kisha utandike maranda makavu. Dawa ya kufukiza nikupe?"

"Ya kufukiza ninayo nyumbani."

"Uko nayo?" Akashangaa.

"Ebo! Nyumba ya Mswahili itaikosaje?"

Akanitizama kwa heshima kubwa, nami nikaondoka zangu kichwa juu.

Sasa weye niambie: kwetu mtu akikwambia fukiza, unafahamu nini? Chetezo, makaa, udi. Nguo hufukizwa, chumba cha biharusi hufukizwa. Nikaona huyu bwana wa bara ana adabu zake, hata kuku anawataka waishi kistaarabu. Banda likashinda juani kutwa. Seremala wa jirani akanipa maranda, nikatandika, likapendeza hata mimi ningelala. Alasiri nikawarudisha vifaranga wote kumi, nikawasha makaa, nikatia udi wangu wa Idi, ule ninaouficha, na ubani kidogo. Nikaingiza chetezo, nikafunga mlango ili harufu ikolee.

Sikuwahi kujua kwamba kifaranga hupiga chafya. Wallahi nilizisikia, chafya ndogo ndogo, nyingi, halafu kimya. Nikafungua mlango, moshi ukanipiga usoni. Nikawakumba wote katika kanga, nikawatoa nje, nikawapepea kwa kipepeo cha jikoni huku nalia, "Yarabi toba, Yarabi toba." Tisa wakainuka. Mmoja hakuinuka.

Huyu nilimuua mimi. Sina neno jingine la kusema.

Nilipomsimulia yule muuza dawa, alicheka mpaka akaketi. Kumbe kufukiza kwake ni dawa ya kuua vijidudu, banda likiwa tupu, kisha liachwe wazi mpaka harufu iishe. Nikamwambia siku nyingine aseme dawa, aache kunitia katika mambo ya harusi.

Siku zile tano nilikuwa mtumwa wa kuku. Maji yenye dawa asubuhi na jioni, chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa ili wajikunyate kando yake, maranda yakilowa tu nayatoa. Siku ya tano mmoja alipanda mguuni pangu akadonoa hina ya kidole. Nilicheka peke yangu uani kama mwehu.

Lakini tisa si kumi na mmoja. Mume wangu, anayefanya kazi hotelini huko Bofa, akanambia kwa simu, "Usimwambie mama, hatakuachia kitu tena maisha. Sema kunguru." Kunguru wa Malindi wanajulikana kwa uhalifu, nani angebisha? Nikaufanyia mazoezi uwongo wangu mbele ya kioo.

Mavyaa akarudi mchana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, naye ameshafika bandani, hata viatu hajavua. Akamwokota mmoja, akamnusa. Akamnusa tena.

"Mbona kifaranga anukia harusi?"

Kunguru wangu wote wakaruka. Nikamwambia kila kitu, deki, damu, udi, huku machozi yananitiririka, maana niliona ndiyo basi, hataniamini tena.

Akaketi kizingitini. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Anacheka! Akacheka, akajipangusa macho, kisha akaniambia:

"Mimi nikiwa mke mpya kwetu Jilore, mavyaa wangu aliniachia vifaranga saba. Nikawafunika kwa kapu, nikawasahau juani nikipiga soga kisimani. Wakafa wote. Nikasema kipanga amewachukua."

"Akaamini?"

"Mpaka leo. Haoni tena, lakini akisikia kuku wakipiga kelele, huinuka na mkongojo wake kumtukana kipanga. Juzi alikuwa akinisifu mbele ya wajukuu, ati sijamdanganya hata siku moja."

Sikuweza kucheka. Yeye pia hakucheka. Akaniwekea kifaranga kiganjani.

"Jumamosi nataka nikamwambie, kabla hajatutoka," akasema. "Twende sote, mwanangu. Peke yangu naogopa."