Jumapili Mkuu Alipoleta Filamu

Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mumewe. Alikuwa mshonaji wa sare za polisi: suruali zilizopasuka magotini, tepe za cheo, makoti yaliyobana baada ya wenyewe kunenepa. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la sebuleni, na ulimi wake haukuwa na breki. "Afande, vuta pumzi uwezavyo," aliwaambia waliokuja kupimwa, "tumbo lako nalijua mimi." Walicheka, wakasalimu amri.

Mumewe alikuwa koplo, mtu wa maneno machache, na siku za karibuni hata hayo machache yalikuwa yameadimika. Kijana mmoja mwendesha pikipiki alikuwa amefia mahabusu. Ilisemwa aliteleza bafuni. Wachunguzi wakaja kutoka makao makuu, wakahoji, wakaondoka, kisha wakarudi na maswali ambayo mtu wa nje asingeweza kuyatunga. Mtu wa ndani alikuwa amesema. Kituoni watu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Fundi alipomuuliza mumewe kulikoni, alijibiwa, "Uchovu tu, mama watoto."

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, watoto wakiwa wanacheza kwa jirani, mlango ukagongwa. Alikuwa mkuu wa kituo, peke yake, kavaa shati la maua, mkononi kashika mfuko wa karanga.

"Shemeji, leo nimekuja kupumzika," alisema, akajitupa kwenye kiti cha koplo kabla hajakaribishwa. "Nimeleta filamu ya zamani. Haina hata rangi, lakini inatuhusu sisi."

Akachomeka flashi kwenye televisheni. Mapazia akayafunga mwenyewe.

Fundi aliitambua filamu ile tangu picha ya kwanza. Mama yake alikuwa mfagiaji wa ukumbi wa sinema, na yeye utotoni aliitazama mara nyingi akiwa amejikunyata nyuma ya viti. Mpelelezi anagundua kwamba wakubwa zake wanalishwa na genge la wahalifu, naye hajui amwambie nani. Mvua, makofia, vivuli virefu ukutani, mlio wa viatu kabla mtu hajaonekana. Zamani vivuli vile vilimtia hofu tamu. Siku hiyo hofu haikuwa na utamu wowote.

Ikafika sehemu ambapo mpelelezi anaingia kwenye kibanda cha simu na kumtaja mkubwa wake kwa kunong'ona. Fundi akamtupia jicho mumewe. Koplo alikuwa amebana mikono katikati ya magoti, anatazama sakafu, chai yake imepoa bila kuguswa. Na mkuu naye hakuwa akitazama filamu. Alikuwa anamtazama koplo.

Ni huyu, Fundi akajiambia. Mume wangu ndiye aliyesema. Na mkuu hana uhakika bado, ndiyo maana amekuja.

Filamu ikaisha kwa ving'ora, pingu na muziki. Mkuu akazima televisheni, mapazia akayaacha vilevile.

"Haya, tuichambue kama wasomi. Koplo, uzuri wake nini?"

Koplo akakohoa. "Lile giza, afande. Limepangwa vizuri. Mwema na mbaya wanasimama kwenye kivuli kimoja, huwezi kuwatenganisha."

"Sawa kabisa. Na udhaifu wake?"

Koplo akarudisha macho sakafuni.

"Nikusaidie. Yule mpelelezi hana mke, hana mtoto, hana mama wa kumtunza. Mtu wa namna hiyo ushujaa haumgharimu. Mpe watoto wanaokwenda shule kwa miguu, tuone kama simu ile angeipiga." Akatafuna karanga taratibu. "Au wewe unaonaje?"

Koplo akafungua mdomo. Fundi alimjua mumewe: akidanganya, masikio humsaliti. Akamwahi.

"Afande nawe! Unamuuliza mtu aliyekuwa anasinzia? Niulize mimi niliyeitazama."

"Haya, shemeji."

"Uzuri wake ni yule mkubwa wao. Hawakumpa sura ya kutisha. Anacheka, anaulizia wagonjwa. Ukimwona unamkaribisha chai."

Mkuu akaacha kutafuna. "Na udhaifu?"

"Wanawake. Wamewekwa kama mapambo tu. Yupo anayefua nguo zao, anaona kila kitu, na hakuna anayemuuliza neno. Si kweli hiyo. Juma lile alipofariki yule kijana, mimi nililetewa shati la sare limenyofolewa vifungo. Nikalishona, sikuuliza. Lakini macho ninayo."

Maneno yalishatoka. Hakuwa ameyapanga.

"Shati la nani, shemeji?" Sauti ya mkuu ilikuwa ya chini sana.

"Sare zote zinafanana, afande."

Mkuu akasimama, akachomoa flashi yake. "Mwisho wake nao wa uongo," alisema akiwa mlangoni. "Mambo hayamaliziki kwa ving'ora."

"Hapo tumekubaliana," Fundi alijibu.

Mlango ulipofungwa, Fundi akaenda kufungua mapazia.

"Umejitia mdomoni mwa simba," koplo alisema.

"Wewe ulitangulia, ukanificha."

"Nilitaka ulale usingizi."

"Nililala lini?"

Jumatatu walikwenda wote wawili kwa wachunguzi, na Fundi akasema shati lile lilikuwa la mkuu. Kuanzia hapo yakawa mambo ya kusubiri. Koplo alihamishiwa kituo cha mbali, watoto wakapelekwa kwa bibi yao. Wenye sare wakaacha kuja. Fundi akashona masweta ya shule na foronya. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilimsimamisha mkono juu ya gurudumu la cherehani.

Kesi ilipokaribia hukumu, mama wa yule kijana alikuja na kitambaa cha kijivu.

"Nataka gauni la kwenda nalo mahakamani," alisema. "Lishone na mifuko, dada. Nikishika leso mkononi watanitazama."

Fundi alimpima bila mzaha wowote, akalishona siku hiyohiyo. Mkuu alifungwa, ingawa si kwa miaka waliyoitegemea, na wenzake wawili waliotajwa naye wakabaki kazini. Watoto wakarudi, na koplo naye akarudishwa, akabaki koplo. Ila alianza tena kuongea wakati wa kula, mpaka siku nyingine Fundi akawa anamwambia anyamaze, chakula kinapoa.