Mbeleko ya Mbwa

Mbwa wetu alikuwa na umbo la kuchekesha: mwili mrefu kama benchi, miguu mifupi. Watu wa Ulaya, kijiji cha Kilosa tulichohamia, walisema damu yake ilitoka kwa mbwa wa wazungu wa mashamba ya mkonge, walioachwa peke yao mabwana zao walipoondoka. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba mwaka tulioshushwa kutoka milimani kuja kuishi kwenye kijiji cha ujamaa, alitembea njia nzima nyuma ya mama, na tangu hapo akawa mlinzi wa mahindi yetu. Nyani walimwogopa kuliko walivyomwogopa baba.

Asubuhi moja alifukuza nyani dume, akaruka mtaro, akatua vibaya. Tulimsikia akilia mara moja tu. Alirudi nyumbani amekunja mgongo, hataki kuguswa. Kesho yake miguu ya nyuma haikufanya kazi tena. Alikuja mlangoni akijivuta kwa ile ya mbele, ya nyuma ikiburuzika vumbini kama si yake.

Baba alikuwa mfanyakazi wa reli huko Kidete, na siku hizo alikuwa nyumbani kwa mapumziko. Alimtazama kwa muda, akamgeukia mama.

"Mama watoto, huyu anateseka. Nitamwomba mgambo aje na bunduki."

Mama alikuwa anapepeta mahindi. Hakuinua macho. "Mpaka bwana mifugo amwone."

"Bwana mifugo ana ng'ombe wa kijiji wa kuangalia."

"Hao ng'ombe hawajawahi kutufukuzia nyani."

Bwana mifugo alikuwa kijana, hana muda mrefu tangu atoke chuoni. Alifika kwa baiskeli, akaiegemeza ukutani, akamwamkia mama shikamoo, kisha akachuchumaa mbele ya mbwa bila haraka. Alipitisha vidole juu ya uti wa mgongo, pingili moja baada ya nyingine. Halafu akamfinya kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu zake zote. Mbwa akageuza kichwa na kunguruma.

Kijana akatabasamu. "Hiyo habari njema, mama. Maumivu anayasikia. Mishipa haijafa."

Akatueleza kwamba katikati ya pingili kuna vitu laini, kama vigodoro, vinavyozuia mifupa isisagane. Kimoja kimechomoka na kinabana mishipa ya miguu. Kilosa nzima hakuna mtu wa kumpasua mbwa. Lakini akitulia kabisa, asitembee, asiruke, huenda akapona.

"Nasema huenda," alisisitiza. "Na lazima mumkamulie mkojo. Mwenyewe hawezi."

Akaushika mkono wa mama, akauweka chini ya tumbo la mbwa, akamwonyesha kibofu kilipo na namna ya kukibonyeza taratibu. Mama alijaribu, mkojo ukatoka. Baba akaenda kusimama nje. Jioni lakini ni yeye aliyekaa kusuka tenga kubwa, mfano wa yale ya kubebea kuku, pana kiasi cha mbwa kulala lakini si kutembea. Neno mgambo hakulitaja tena.

Tenga liliwekwa kwenye kibanda cha jikoni. Kabla ya kwenda shamba la kijiji, mama alimkamua, akambadilishia majani aliyolalia, akamgeuza ubavu ili asipate vidonda. Alimsemesha kwa kilugha cha nyumbani, kama alivyotusemesha sisi tukiwa na homa. Mimi nilikuwa msichana wa shule, kazi yangu ilikuwa mchana nikirudi. Asubuhi ndiyo ilikuwa haina mtu.

Hapo ndipo alipoingia jirani yetu, bibi mwenyeji wa bondeni, Mwislamu wa swala tano, ambaye kwa ajili ya uzee alisamehewa kazi za kijiji. "Mwenzangu, mate yake mimi siwezi," alimwambia mama waziwazi. "Lakini maji nitampa." Na alimpa. Alisukuma bakuli kwa mti mrefu, akakaa mlangoni kumkemea kila alipotaka kuinuka.

Kisha mvua zikaja. Siku moja ilinyesha mama akiwa shambani, mtaro ukafurika, maji yakaingia jikoni. Tulirudi mbio, mama mbele, mimi nyuma nimetoka shule, na tulipofika tulikuta kibanda kimejaa maji na tenga linaelea tupu. Mama akashika kichwa.

"Yupo huku!" sauti iliita.

Jirani alikuwa amekaa kwenye baraza yake, mbwa amelala mapajani mwake, khanga yake imelowa matope na manyoya. Alikuwa amembeba kwa mikono yote miwili, mgongo wa mbwa umenyooka, kama bwana mifugo alivyotufundisha. Alitukabidhi, kisha akaenda kujiosha mara saba, mara moja kwa udongo, jinsi dini yake ilivyomwelekeza. Mama alimchotea maji yote.

Wiki zilipita. Bwana mifugo alirudi, akamfinya tena, akasema sasa miguu ifundishwe. Mama akatoa mbeleko aliyonibebea mimi, akaipitisha chini ya tumbo la mbwa, akamwinua kiunoni. Mbwa alitembea kwa miguu ya mbele, mama akiinama nyuma yake, wakizunguka uwanja. Waliopita njiani walicheka. Mama naye alicheka, akaendelea kuzunguka. Maji ya kijito yalipopungua alimpeleka kwenye kina cha magoti, akamshikilia hapo. Ndani ya maji ndipo nilipoona mguu wa nyuma ukipiga teke, dhaifu sana.

"Umeona?" mama alisema. "Mama wee, umeona?"

Niliona. Nilimwona na yeye, amelowa mpaka kifuani, amechoka kwa jembe la asubuhi, anamshangilia mbwa.

Mbwa alisimama peke yake wakati wa kuvuna. Alianguka, akasimama tena. Hakurudi kuwa yule wa zamani. Kiuno kiliyumba, na akikimbia nyuma ilitaka kuipita mbele. Nyani tulijifukuzia wenyewe. Baba alipoondoka tena kwenda Kidete, mbwa alimfuata mpaka karibu na kituo cha basi, kwa mwendo wake wa upande upande, na baba alitembea polepole njia nzima ili asimwache.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Bwana mifugo, kila alipokuwa na kazi upande wetu, alipitia nyumbani, akakaa, akamwomba mama amwite mbwa ili amtazame tu akija.