Safari Hii Akae Ndani Zaidi

Juzi nilikaa benchi moja na mkulima wa kijiji cha Mbingu na mkewe, nje ya chumba cha daktari hapa Ifakara. Walipoitwa mlango ulibaki wazi, nikasikia yote. Mume alifungua kanga, akatoa picha ya ubongo wa mkewe, aliyopigwa mjini kabla ya masika. Ameitunza, haina hata mkunjo.

"Huu ni uvimbe," daktari alisema. "Hamkuambiwa mrudi?"

"Tuliambiwa. Lakini alipotoka kwenye ile mashine ya picha kichwa kilitulia, tukajua dawa imeingia. Tukahamia shamba kufukuza ndege kwenye mpunga. Sasa tumeshavuna."

Daktari aliishusha picha taratibu. Mke alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa.

"Tunaomba mumrudishe kwenye mashine, daktari," mume akasema. "Safari hii akae ndani muda mrefu zaidi."

 Mashine ile ilipata umeme, fundi na chumba chenye kiyoyozi. Sentensi moja ya kumwambia mkulima kwamba inatazama tu, haitibu, ndiyo iliyokosa mtu wa kuisema.