Bustani Niliyoichagua kwa Kibla

Watu wa Ilford, huku Ulaya, wakikuambieni kwamba mimi ndiye yule ambaye shughuli yake ilihamia kwa jirani, sufuria la pilau likavuka barabara mbele ya magari, msibishane nao, ni mimi, na bora mnisikie mwenyewe kuliko kumsikia mama mkwe, maana yeye anatia chumvi (si nyingi, lakini anatia).

Tulikuwa tunaishi ghorofa ya nne, mimi, mke wangu Sauda, binti yetu Nasra, na mama mkwe, Bi Mwanakombo, ambaye magoti yanamsumbua, na tangu alipokuja kutoka Unguja hakuwa na ombi ila moja, apate mahali pa kukaa juani. Sauda akamwahidi kwamba nyumba tutakayonunua itakuwa na bustani yenye jua. Ahadi ilikuwa yake, kazi ya kuitimiza nikajitwika mimi.

Tukapata nyumba mbili mtaa mmoja, hizi nyumba za kushikana ukuta kwa ukuta, moja upande huu wa barabara na moja ule, zinatazamana mlango kwa mlango, na ndani ni zile zile hata ngazi zinalia pale pale. Tofauti ni bustani ya nyuma tu, kwamba hii imeelekea huku na ile kule, na huku Ulaya jua linapita upande wa kusini, hilo nililijua (nililisoma nikalirudia kwa kila aliyenivumilia), bustani ikitazama kusini una jua, ikitazama kaskazini una konokono. Sasa sisi tulikwenda kuangalia Novemba, jioni, mvua inanyesha, jua lenyewe hatukuliona.

Sauda aliipenda nyumba ya upande wa pili. Dalali, dada mmoja mpole, akatoa simu atutazamie dira, mimi nikamzuia kwa mkono. Mtu wa Tanga dira ya nini? Sisi tumekua tukijua kwamba unakoelekea kuswali ndiko kaskazini, basi, na mimi nilikuwa nimetoka kuswali alasiri sebuleni mwa ile ya upande huu, mshale wa kibla kwenye simu yangu ukielekea barabarani, umepinda kidogo kushoto. Kibla barabarani, kwa hiyo kaskazini barabarani, kwa hiyo bustani ya nyuma ni kusini. Hesabu ya mtoto wa chuoni.

"Una hakika, Baba Nasra?" Sauda akaniuliza.

"Sauda, mimi na kibla?"

Akaniuliza tena garini. Mara ya tatu aliniuliza ofisini kwa dalali, nami nikamjibu kwa Kiingereza, nisikike vizuri, kwamba mambo ya pande za dunia aniachie mimi. Tukainunua ya upande huu.

Tukahamia Februari. Bustani haikuona jua, nikasema ni kwa sababu ya Februari. Ikaja Machi, nikasema Machi nayo ndivyo ilivyo. Aprili ilipoingia nikaitisha dua ya nyumba mpya, na kwenye kundi la wasapu nikaandika kwa mkono wangu huu: bustani yetu ni ya jua, makoti acheni nyumbani.

Na kweli wakayaacha.

Siku hiyo mbingu nyeupe pee, jua linawaka Ilford nzima isipokuwa kwangu. Wageni wamekaa kwenye mikeka, majani yamelowa, wanawake wamejikunyata ndani ya mitandio, mafuta ya pilau yameganda sahanini, na mama mkwe kafunikwa blanketi kwenye kiti ananitazama. Mimi nasema, ngojeni kidogo, litazunguka. Ukafika wakati wa adhuhuri, Maalim Hamadi aliyetusomea dua akauliza kibla, nikasimama nikamwonyesha upande wa barabara, na (ulimi hauna mfupa) nikaongeza kwa sauti, "Kaskazini kule, Maalim."

Maalim akatazama paa la nyumba yangu, jua lenyewe limechungulia nyuma yake.

"Kibla ndiyo kule," akasema. "Lakini kaskazini si kule, mwanangu. Ukiwa Tanga, Makka iko juu yetu kwenye ramani. Hapa sisi ndio tuko juu yake. Huko unakoonyesha ni kusini."

Nasra akacheka, kisha wote.

Nyumba ya upande wa pili, ile ya Sauda, aliinunua Bwana Jayanti, Mhindi wa Mombasa, mstaafu, naye nilikuwa nimemwalika ili aone. Akainuka akipangusa suruali. "Mimi nilikuja kuangalia saa sita mchana, siku ya jua, basi," akasema. "Haya, njoni kwangu, huko jua iko mingi."

Wakaenda. Wanaume wawili wamebeba sufuria, wengine na mikeka kichwani, mama mkwe mbele na mkongojo wake, na dereva mmoja akasimamisha gari akavua kofia, nafikiri alidhani ni maziko. Mimi nikafuata nyuma na kachumbari.

Jioni tukiosha vyombo nikamwambia Sauda aniwie radhi kwa lile jua.

"Jua si lako, sikudai," akasema. "Lakini nilikuuliza mara tatu, ukanifedhehesha mbele ya mtu. Na mama leo kaniuliza mimi, si wewe, mbona nilimdanganya."

Hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo. Nimeapa sitajibu tena swali kana kwamba nimetukanwa. Kila asubuhi ya jua nampeleka mama mkwe kwa Bwana Jayanti, ananishika mkono pale ukingoni, ananiuliza kama gari haliji, na mimi, mwanamume mzima, natazama kulia, natazama kushoto, natazama tena kulia, ndipo namjibu.