Bati Kabla ya Mnada

Kijijini Nyangamara, fedha ina majira yake. Kwa miezi mingi ya mwaka watu huazimana chumvi na kiberiti bila aibu, mpaka korosho zifike ghalani, mnada upigwe na malipo yashuke. Hapo ndipo mabati hung'aa, pikipiki hununuliwa na watoto hupelekwa jandoni kwa kishindo. Kwa hiyo mtu akinunua kitu kikubwa kabla ya mnada wa kwanza, hakuna anayempa hongera ya moyoni. Watu humtazama tu.

Mwaka huo aliyetazamwa alikuwa Mwalimu Tekla. Nyumba yake, ambayo kwa misimu kadhaa ilikuwa ikivujia kitanda cha mama yake mzazi, ilivuliwa makuti na kuvikwa bati mwanzoni mwa Oktoba, wakati korosho nyingi zilikuwa bado mitini. Fundi alikuwa angali juu akipigilia misumari, jirani yake Somoe alipokuja kusimama njiani, mkono kiunoni.

"Hongera, mwalimu wetu. Kumbe a-e-i-o-u inalipa."

"Inalipa kidogo kidogo, jirani."

"Hicho kidogo kidogo chako kinaniumiza macho kutoka uani kwangu."

Fundi alicheka. Tekla naye alicheka, lakini si kwa raha. Somoe alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na neno likiingia kwake halilali zaidi ya usiku mmoja.

Tekla alikuwa mwalimu wa kujitolea wa darasa la awali. Kujitolea ni neno tamu, na wanaolipenda zaidi ni wale wasiojitolea. Maana yake halisi ilikuwa kwamba hakuwa na ajira wala mshahara. Mzazi mwenye nacho alichanga, asiye nacho alileta kisado cha mihogo mikavu, na walio wengi walileta mtoto tu. Kijiji hichohicho kiliweza kukodi spika za ngoma kutoka Lindi na kuzilisha petroli usiku kucha. Lakini likija suala la mtu anayewafundisha watoto wao kushika chaki, kila mfuko ulikuwa na tundu. Wala wakubwa waliopita kukagua madarasa hawakuwahi kuuliza aliyesimama ndani yake anakula nini. Walikagua matofali.

Hata hivyo aliipenda kazi ile kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuieleza mbele ya watu wazima. Watoto walimjia wakijua Kimwera kitupu, wameshikana mikono kama wanaovushwa mto. Iddi, mmoja wao, alikaa miezi mingi bila kutamka neno, hata wenzake wakamwita bubu. Siku moja alisimama katikati ya somo akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mwalimu, mbuzi wa babu anakula chaki." Na kweli mbuzi alikuwa kwenye kizingiti, anatafuna taratibu. Darasa zima liliangua kicheko, na Iddi tangu hapo hakunyamaza tena. Binamu yake Tekla, Deo, alipomwita Lindi apokee wageni katika nyumba ya kulala wageni, kwa mshahara wa kila mwezi na chakula juu, Tekla alilifikiria jambo hilo jioni moja akiwasha moto, na maji yalipochemka alikuwa amekwisha kukataa.

Lakini kukataa mshahara hakuzibi paa. Ndipo akayatazama mabibo.

Kila msimu watu wa kule hunyofoa korosho na kulitupa bibo lenyewe, tunda jekundu au la njano lililojaa maji, likaoza chini ya mkorosho. Machache hukamuliwa uraka, pombe nyepesi ya msimu. Mengine huanikwa yakawa kochoko, na kochoko safari yake inajulikana: huroweshwa, huchacha, hupikwa katika mapipa porini, hutoka gongo. Tekla aliwaza njia ya tatu. Kwa nini tunda lisiliwe kavu, kama embe? Aliyaosha, akayakata vipande vyembamba, akayaanika juu ya chanja na kuyafunika kwa chandarua kuukuu ili nzi wasitue. Aliwaonjesha watoto darasani. Walimaliza bakuli na kulamba vidole.

Na kabla hajajua atamwuzia nani, alitokea mnunuzi. Aliitwa Brighton, kijana mtanashati wa Lindi mwenye kirikuu cheupe, kile kigari kidogo cha mizigo, na simu mbili. Alisema Dar es Salaam siku hizi watu wa mazoezi wanatafuna matunda makavu kama peremende, na kwamba yeye ana rafiki anayeyafunga katika vifuko vyenye picha.

"Wewe anika tu, madam. Mzigo wote ni wangu."

Alilipa papo hapo, na alilipa vizuri. Kwa fedha hiyo bati lilipanda.

Mama yake Tekla, Bi Antonia, aliyekuwa akishinda kibarazani kwa sababu ya miguu, hakumpenda kijana huyo tangu siku ya kwanza.

"Mtu anayenunua chakula hunusa," alisema. "Huonja. Huuliza kimeanikwa lini. Huyu wako anabeba kama anayebeba kuni."

"Ana haraka, mama. Wafanyabiashara wote wana haraka."

"Juzi gunia lilidondoka, vipande vikamwagika mchangani. Akavizoa na mchanga wake, akatia ndani. Watu wa Dar wanakula mchanga siku hizi?"

Tekla naye alikuwa ameuona ule mchanga. Alikuwa ameona pia kwamba Brighton aliwahi kumwambia asijisumbue kukata vipande wala kufunika chandarua, na kwamba alipomwuliza jina la duka la rafiki yake, alicheka na kumwambia, "Madam, wewe fundisha watoto, barabara niachie mimi." Shaka ilikuwa imemwingia. Lakini bati lilikuwa zuri, na mvua ya kwanza ilipopiga, mama yake alilala usiku mzima bila kuhamisha kitanda.

Wiki iliyofuata watoto wawili hawakuja darasani. Kisha wanne. Mama mmoja alipoulizwa kisimani alijibu akitazama ndoo yake, "Mwanangu akirudi kutoka kwako ananuka uraka, mwalimu." Siku hiyohiyo mwenyekiti wa kamati, Mzee Shamte, alimwita ofisini baada ya masomo. Tekla alimkuta ameketi na Somoe pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kaa." Alivuta pumzi. "Sikukuita kukutukana. Msimu uliopita mtoto wa mdogo wangu alikunywa gongo, akapofuka. Unamjua. Anaongozwa kwa fimbo, na hajaoa bado. Sasa hapa kijijini kila mtu anaona chanja zako, anaona gari linakuja tupu na kuondoka limejaa. Nakuuliza kama baba: ni nani anayekula mabibo makavu magunia kwa magunia?"

"Mnunuzi anasema yanaliwa Dar."

"Wewe umemwona anayeyala?"

"Sijamwona."

"Basi hujui," Somoe alidakia. "Na kama hujui, kwa nini uchukue pesa?"

Tekla alimgeukia. "Jirani, mwaka wa ngapi huu nafundisha hapa? Kuna siku hata moja kamati iliniuliza naishi kwa kitu gani? Mmeanza kuuliza leo, nilipoacha kuvujiwa."

Mzee Shamte alikuna kidevu.

"Swali lako lina haki," alisema hatimaye, "lakini halijibu langu. Jumamosi kamati inakaa. Tuletee jibu tunaloweza kuliona kwa macho. Usipolileta, darasa litafungwa mpaka apatikane mwalimu mwingine."

"Apatikane kwa malipo yapi, mzee?"

Mzee Shamte alisimama, akamfungulia mlango.

Tekla alirudi nyumbani akitembea polepole. Alijua kwamba maneno matupu hayatamsaidia. Mtu anayeshukiwa akiapa, huongeza shaka. Alijua pia jambo baya zaidi: kwamba hakuwa na la kuapia. Alikaa karibu na mama yake, akamwuliza kama anayeuliza habari za hali ya hewa.

"Mama, zamani ulipokuwa unapika uraka, ni kitu gani kilikuwa kinauharibu?"

Bi Antonia alimgeukia. "Mambo mengi. Chungu kichafu. Baridi. Na chumvi. Ukitia chumvi nyingi hauchachi, utasubiri mpaka uzeeke."

"Na mtu wa kula? Chumvi itamkera?"

"Nani anakula embe bichi bila chumvi, mwanangu?"

Kesho yake alfajiri Tekla aliyatumbukiza mabibo mapya katika maji ya chumvi yaliyokolea, akanyunyiza pilipili ya kusaga, akaanika. Jua la Oktoba halina mzaha. Kufikia Ijumaa, siku ambayo kirikuu cha Brighton kilizoea kuja, gunia lilikuwa tayari. Alimwomba Mzee Shamte aje kumjulia hali mama yake jioni hiyo, na mzee alielewa bila kuelezwa. Somoe hakualikwa. Alikuja hata hivyo, akidai kwamba anatafuta kuku.

Brighton alifika na vumbi lake, akawasalimia wazee haraka haraka, akashika gunia.

"Ngoja kwanza," Tekla alisema. "Safari hii nimeyaboresha. Nimetia chumvi na pilipili, wateja wako wa Dar watakusifu. Onja kimoja."

Mikono ya kijana iliachia gunia. "Umetia nini?"

"Chumvi."

"Yote?"

"Yote. Onja basi, ni matamu."

"Madam, umeniua. Nani kakutuma? Haya hayachachi haya."

Alilisema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi. Kuku wa Somoe, ambaye hakuwa amepotea, alipita katikati yao. Mzee Shamte aliweka kikombe cha chai chini.

"Na kwa nini yachache?" Tekla aliuliza kwa upole ule ule anaoutumia kwa mtoto aliyekosea hesabu. "Si yanatafunwa?"

Brighton alimtazama mzee, akamtazama Somoe, akaona hakuna wa kumdanganya. Sura yake ya utanashati ilidondoka kama koti.

"Tusizungushane, dada. Bati hilo ulidhani limetoka wapi? Mimi nanunua, wewe unauza, atakayekunywa hajalazimishwa. Nianikie yasiyo na chumvi, nakuongezea nusu ya bei. Nusu nzima. Shule itakupa hiyo?"

Tekla alijua kwamba shule haitampa hiyo, wala robo yake, na kila aliyekuwa kibarazani alijua hivyo. Alilitazama gunia. Nusu ya bei juu ya bei ile ingemfikisha mbali: jiko la matofali, dawa za miguu ya mama.

"Nenda na gari lako," alisema. "Na usipite tena mbele ya darasa langu."

Kirikuu kilipokwisha kuondoka, Somoe alipiga makofi mara moja, pa, kama anayefunga sanduku. "Nilisema mimi."

"Ulisema kweli, jirani. Na magunia ya nyuma yamekwenda, siwezi kuyarudisha."

Jumamosi kamati ilikaa, na kikao kilikuwa kirefu kuliko kosa lenyewe. Walikubali kwamba mwalimu amedanganywa. Baadhi walisema amejidanganya, na Tekla hakuwapinga, maana hao ndio waliokuwa karibu zaidi na ukweli. Mwishowe mjumbe mmoja alitoa sharti: aendelee kufundisha, ila chanja zote zibomolewe, asiguse mabibo tena.

Tekla alisimama.

"Kumwuzia yule nimeacha. Kuanika sitaacha. Mnataka niache kuanika, nilipeni kama anavyolipwa mtu anayefanya kazi. Mkishindwa kunilipa, msinichagulie na njaa ya kufia. Korosho mnauza mnadani mbele ya watu, na bibo lake mnaliacha liende porini kwenye mapipa. Halafu mnamshuku anayetaka liliwe."

"Mwalimu ana kiburi," Somoe alinong'ona, kwa sauti ya kusikika.

"Nina njaa, jirani. Ukiviona kwa mbali vinafanana."

Watu walicheka, na kicheko hicho kilimsaidia kuliko hoja. Mzee Shamte aliwaacha wamalize, kisha akatoa uamuzi ambao Tekla aliukuta mgumu lakini wa haki. Ataanika, ila kila bibo lipite kwenye chumvi, na yeyote mwenye shaka aruhusiwe kuja kuonja. Atauza kwa pakiti ndogo katika soko la Jumamosi la mji wa Mtama, mchana, mbele ya watu. Hakuna gunia litakalopanda gari. "Gunia halina uso," mzee alisema. "Pakiti inamtazama mnunuzi."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi za Mtama hazikumpa nusu ya alichokuwa akipewa na Brighton. Wasafiri walinunua, wanafunzi wa sekondari walinunua zaidi kwa sababu ya pilipili, na wapo waliopita wakiguna, "Kochoko hizo." Alijifunza kuwajibu kwa kuwapa kipande. Jiko la matofali lilisubiri, na kamati haikuchanga shilingi. Aibu hiyo ni yao, na hawajaimaliza. Lakini chumvi na kiberiti alinunua mwenyewe, dawa za mama alinunua, na Jumatatu alikuwa darasani.

Watoto walirudi mmoja mmoja, wazazi wakisingizia homa iliyopona. Mwisho kabisa alikuja Mzee Shamte mwenyewe, amemshika mkono mjukuu ambaye hakuwa amewahi kuandikishwa. Hakuomba radhi, wazee wa kule hawaombi radhi, huleta wajukuu.

"Hizo pakiti zako unauza bei gani?"

"Mia mbili, mzee. Nikupe bure."

"Bure sitaki. Bure ndiyo iliyotufikisha hapa."

Alilipa, akaipasua pakiti, akatoa kipande, na kabla ya kumpa mtoto alikisogeza puani, akakinusa kwa muda mrefu, kama mtu anayenunua chakula.